Siku Niliyolala kwenye Bega la Mama Mkwe

Basi, kwa kuwa habari hii imeshatembea Bagira nzima na kushuka mpaka Kadutu, na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake (juzi nimesikia eti nilikuwa nimekaa kwenye mapaja yake, uongo mtupu!), acheni niisimulie mimi, mwenye aibu yangu. Ndiyo, ni mimi. Ni mimi yule kijana aliyefika kwenye mahari yake mwenyewe amejaa matope kichwa mpaka miguu, kiatu kimoja, amelala fofofo kwenye bega la mama mkwe wake, mdomo wazi, mbele ya familia mbili zilizosimama kwa heshima. Chekeni kwanza mmalize, mimi nasubiri.

Mmemaliza? Haya. Kwa asiyejua desturi zetu, mkwe na mama mkwe hawakai pamoja. Hawapeani mkono, hawali sahani moja, wakikutana njiani mmoja anageuka na kujifanya anatafuta kitu kwenye majani. Ni heshima, na sisi tumeizoea. Mimi na Neema tulikuwa tumechumbiana mwaka mzima na nusu na mama yake sikuwa nimemwona hata siku moja. Akija Bukavu kumtembelea binti yake, mimi nakimbia mtaa. Kwenye simu ya Neema kulikuwa na picha yake moja ya zamani, mwembamba, amebeba mtoto, na hiyo nayo niliiangalia mbio mbio kisha nikarudisha simu, maana hata picha ilinitia haya.

Na msidhani mahari ilikuwa imeshaiva. Baba yake Neema, mzee aliyekuwa direkteri wa shule huko Luberizi, alishakubali, kwa sharti moja tu: saa sita kamili ya mchana anafunga geti, atakayekuwa nje abaki nje, kama alivyowafanyia wanafunzi maisha yake yote. Lakini mama yake, Maman Riziki (wanamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza), alikuwa kimya. Kwao mama ndiye anaulizwa mwisho, siku yenyewe, kabla chupa hazijafunguliwa, na akisema hapana, basi mnarudi na mbuzi wenu.

"Papa alisha kubali," Neema aliniambia, kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, ambamo "paka" ni "tu" na "njo" ni "ndiyo". "Maman njo hayasema kitu bado. Anasema batoto ba mu bureau banajua paka kusema. Sasa angalia vile utafika, Bisimwa. Ata kama ni kintu kidogo, iende muzuri. Pita kwa Maman Zawadi akupangie safari."

Nikapita. Maman Zawadi ana ofisi ndogo pale Nyawera, meza moja, madaftari mengi, kazi yake ni kupangia watu safari: za ndege, za mtumbwi wa injini, za barabara, za kila namna. Sikukaa hata dakika tano akaanza kuniuliza.

"Muko bantu ngapi?"

"Kumi na moja, Maman."

"Munataka kupita ku mpaka, njia ya muzuri, ao munashuka na Ngomo?"

"Mpaka," nikasema, maana barabara nzuri inapita nchi jirani na kurudi kwetu Kamanyola.

"Kila mutu eko na karatasi yake ya kuvuka? Haiyaisha? Uliziona na macho yako?"

"Iko," nikasema (sikuwa nimeona hata moja).

"Muzee mwenye atasema maneno ni nani? Njia ikiharibika anaweza panda moto, pikipiki? Nguo ya bwana harusi itabebwa na nani? Kama gari mbili zinaachana, munakutania fasi gani?"

Sasa, hapa lazima niwaambie kitu kuhusu mimi. Mimi ni mtu wa lojistiki. Ndiyo kazi yangu, kwenye shirika moja hapa mjini: natuma maharagwe, mahema, ndoo na sabuni mahali ambapo ramani yenyewe inakata tamaa. Halafu mama mwenye kalamu ya bluu ananiuliza kama nimefikiria nguo zangu! Damu ikanipanda. Nikamwambia, kwa sauti ile ya mtu aliyevaa beji shingoni: "Maman, hii njo kazi yangu. Kila wiki nasafirisha tani za maharagwe."

Akafunga daftari taratibu. "Haya, mutoto wangu. Lakini maharagwe haisahauke karatasi ku nyumba."

Nikatoka nikiwa nimekasirika kweli. Na huo ndio uamuzi mdogo wenyewe, ndugu zangu, kutoka tu kwenye ule mlango, mengine yote yalifuata kwa miguu yao. Nilikwenda nyumbani nikafungua kompyuta nikatengeneza jedwali la safari, rangi tatu, dakika kwa dakika, hadi dakika ya kukojoa niliiweka (njiani, Bugarama, dakika saba), nikalichapisha nakala kumi na moja, moja kwa kila msafiri, na shangazi yangu Faida akalitumia lake kufungia mandazi.

Siku ikafika. Saa kumi na moja alfajiri basi dogo likatuchukua Bagira, mashangazi wamependeza, mbuzi wawili nyuma, vitenge, kreti za vinywaji, na suti yangu, kostimu, imetundikwa dirishani kama abiria. Mbele kabisa alikaa baba yangu mkubwa, Papa Cito, msemaji wetu. Kwenye mahari zetu bwana harusi hafungui mdomo, anasemewa, na hakuna anayesema kama Papa Cito: mzee huyu anaweza kuomba maji ya kunywa ukadhani anaomba ufalme. Bila yeye hakuna mahari. Tukashuka mpakani tunaimba.

Mkubwa wa mpaka akakusanya karatasi. Zangu sawa, za mashangazi sawa. Akafika kwa Papa Cito, akageuza karatasi mbele, akaigeuza nyuma, akauliza kwa adabu:

"Muzee, hii ni nini?"

"Karti yangu ya batizimu."

"Muzee, hii inasema tu ulibatizwa."

"Njo kusema niko mutu wa kweli! Jina iko, mwaka iko, jina ya baba iko, kashe ya parokia, muhuri, iko. Weye unataka kuonyeshwa nini tena? Unakatala sakramenti?"

Watu kwenye foleni walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Karatasi yake ya kuvukia ilikuwa imekwisha muda miaka mingi iliyopita, mwenyewe aliiacha nyumbani akiona batizimu inatosha, na mimi sikumwuliza. Nikatoa jedwali langu. Nikalisoma lote. Hakuna mahali palipoandikwa Papa Cito arudishwe.

Nikafanya uamuzi wa haraka, ule wa kikazi kabisa: basi liendelee na mashangazi, mbuzi na kostimu, mimi nimshushe mzee kwa njia ya milimani, ya Ngomo, ambayo haitoki nchini, tukutane Kamanyola saa nne. "Bisimwa," shangazi Faida akaniuliza dirishani huku basi linaondoka, "programu inasema nini?" Nikamwambia programu inasema nenda.

Tukapanda pikipiki mbili, kila moja na dereva wake, motari. Wanaoijua Ngomo hawahitaji maelezo, na wasioijua nisiwatishe: ni njia nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja ukuta, upande wa pili hewa. Usiku kulikuwa kumenyesha. Tulipofika katikati tukakuta lori limekwama tangu jana, limelala kwa upana, gari haipiti, pikipiki zinapenya pembeni moja moja. Papa Cito alitangulia, mzee mwenyewe mwepesi, kilo hamsini na koti lake, motari wake akapenya vizuri, nikamsikia mzee anapaza sauti, "Mungu eko!" na wakapotea kwenye kona. Zamu yetu ilipofika, tairi ya nyuma ikateleza, motari akarukia kushoto, mimi nikarukia kulia, na kulia ndiko kulikuwa na mfereji.

Nilizama, sisemi uongo, mpaka masikio. Nilipovutwa na wale wanaosukuma lori nilikuwa na kiatu kimoja tu, simu imekunywa matope na kufa, na gurudumu la pikipiki limepinda. Motari wangu aliniangalia akasema, "Patron, mi narudi Bukavu." Mtu mmoja akanipa fulana yake ya zamani, yenye tundu begani, nikabadilisha shati nyuma ya lori. Saa ngapi? Saa tatu na nusu. Nikaanza kutembea kwa mguu mmoja wa kiatu na mmoja wa soksi, nalia kwa ndani, nawaza geti la Direkteri.

Nikalizunguka lori, na upande wa chini nikaona nini? Gari la jipu, safi, limegeuzwa tayari kuelekea pleni, bondeni kule chini, na dereva amesimama na orodha anaita majina. Abiria walikuwa wanavuka lori kwa miguu, wanapokelewa mizigo, wanapanda. Walikuwa wameletwa mpaka upande wa juu na gari nyingine, hili likawangoja chini. Nikamkimbilia dereva, shofa kama tunavyosema, nikamwuliza ni nani aliyejua kwamba lori limekwama.

"Maman Zawadi," akasema. "Kila mangaribi anaita bashofa bote ba iyi njia. Toka yana alisha kujua. Weye uko mu liste?"

Nikasema hapana. (Jina hilo lilinichoma kuliko miiba ya mfereji.)

"Fasi iko moja. Mutu moja aligonjwa, hakuya. Panda nyuma, lakini usichafule bantu."

Nyuma alikuwa amekaa mama mmoja mnene, kilemba kikubwa, kikapu miguuni, na mfuko wa nguo mpya ameushika kama mtoto mchanga. Nikajibana pembeni. Yeye akaniangalia, akavuta kitambaa akakilowesha maji ya chupa.

"Pole, mutoto. Jipanguse. Uko unafanana tofali yenye haiyachomwa."

Nikapangusa. Jipu likaanza kushuka, kila kona inanitupa kwake na yeye kwangu, na mwisho tukaacha kuombana msamaha. Akafungua kikapu, akatoa kifurushi cha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, wamekaangwa wakakauka vizuri na pilipili, na ndizi za kuchemsha. "Kula." Nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu saa kumi ya alfajiri, nikala kama mtu anayelipiza. Tulikula kwenye karatasi moja, vidole vyangu na vyake vinagongana kwenye sambaza ya mwisho, na mimi ndiye niliyeichukua. (Kila nikikumbuka hapo nasikia masikio yanawaka.)

"Unaenda wapi namna iyo?"

Sasa nimwambie nini? Kwamba huyu tofali ndiye bwana harusi? Nikaona haya, nikadanganya.

"Naenda kusindikiza rafiki yangu, Maman. Eko anatoa dot, mahari, leo, kule mu pleni."

"Pleni, fasi gani?"

"Luberizi."

Akaacha kutafuna. Nikadhani ni pilipili. Kisha akatafuna tena, polepole.

"Na uyo rafiki, ni mutu wa namna gani?"

"Mutu wa akili sana, Maman!" nikasema, maana mtu anapojisemea kama rafiki yake hana sababu ya kujinyima. "Safari yote amepanga ye mwenyewe. Hakuhitaji ata ajansi."

Akaniangalia nywele, akaniangalia fulana, akashuka mpaka kwenye soksi.

"Naona," akasema.

Nilipaswa kunyamaza hapo. Lakini mnajua jinsi safari inavyofungua mdomo, na mama yule alikuwa na namna ya kuuliza halafu kutulia, mpaka ukimya unakuwasha na unausema moyo wako wenyewe. Akauliza kama rafiki yangu amefurahi. Nikasema amefurahi lakini anaogopa.

"Anaogopa nini?"

"Mama mukwe."

Alicheka huyo mama! Alicheka mpaka jipu likatikisika na dereva akageuka. "Juu ya nini? Mama mukwe anamutaka nini?"

"Hayasema kitu! Angesema hapana, rafiki yangu angejua vile atafanya. Angesema ndiyo, muzuri. Lakini amenyamaza. Anafikiri rafiki yangu ni mutoto wa bureau, anajua paka kusema."

"Na ni bongo, ao ni kweli?"

Nikafikiri. Labda ni uchovu, labda ni sambaza, sijui, lakini nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Nikamwambia kwamba Neema ni muuguzi, akishika zamu hospitalini anasahau kula, na kwamba rafiki yangu, kila zamu ya usiku, anarudi nyumbani kutoka kazini, anafunga mlango na pazia ili majirani wasione mwanaume anatwanga, na anapika sombe, majani ya muhogo. Anaitwanga mwenyewe, anaipika mwenyewe, na mawese, na samaki, anaitia kwenye termosi na kumpelekea, na anamwambia ni shangazi Faida ndiye aliyepika, kwa sababu anaogopa Neema atamcheka. Mwaka mzima Neema anamtumia shangazi salamu za asante, na shangazi hajui ni za nini ila anazipokea tu.

"Anapika muzuri?" akauliza mama, taratibu.

"Ya kwanza iliunguka. Sasa anajua."

Mama akaangalia nje, bonde la Ruzizi lilikuwa limefunguka chini yetu, mashamba ya mpunga na jua. Joto likaingia dirishani. Tukapita Kamanyola, sikuona basi letu wala Papa Cito (walikwisha kukutana na kuondoka, wakidhani nimetangulia), nikajisemea nitafumba macho dakika moja tu, na huo ndio mwisho wa ninachokikumbuka.

Sasa niwapeleke Luberizi, kama nilivyohadithiwa baadaye na mashangazi, kila mmoja kwa sauti yake. Mahema yamefungwa, viti vyeupe vimepangwa, familia yetu upande huu, familia yao upande ule. Bwana harusi hayupo. Upande wao wanauliza, na Papa Cito, ambaye hajui nilipo wala kama niko hai, anasimama, anatengeneza koti lake lenye vumbi na kusema kwa sauti yake ya ufalme: "Kijana wetu eko nyuma kidogo. Anasindikiza mugeni wa maana sana, hakutaka kumuacha mu njia." Watu wakatikisa vichwa, wakasema ni adabu nzuri. Saa sita ikafika. Direkteri akasimama, akaenda getini, akashika mlango kwa mkono wake, lakini akausubirisha, kwa sababu mke wake alikuwa bado hajarudi kutoka Bukavu. Alikwenda tangu Alhamisi kuchukua nguo za sherehe kwa fundi, na fundi (mnawajua mafundi) alizimaliza Ijumaa usiku.

Jipu likaingia. Watu wote wakasimama, makofi, vigelegele. Dereva akazunguka akafungua mlango wa nyuma kwa heshima zote.

Na tukaonekana.

Vigelegele vilikatika kama mtu amezima redio. Maman Riziki amekaa wima kama nguzo, kilemba kimeenda upande. Kwenye bega lake, tofali. Tofali linakoroma. Mate yamefanya ziwa dogo kwenye kitenge kipya. Shangazi Faida akapiga kelele, "Yesu Maria!" na wanawake wote wa kwao, kwa mara moja, wakajifunika nyuso na vitenge. Kelele zile zikaniamsha nusu. Nikamgeukia jirani yangu, macho bado yamefumba, na mbele ya familia mbili, katekista, na kamera ya video iliyokodiwa, nikasema maneno ambayo mpaka leo watoto wa Bagira wananipigia kelele nikipita:

"Maman, tulisha fika? Njo sambaza iliisha?"

Nikafumbua macho. Nikawaona mashangazi. Nikamwona Papa Cito ameshika kichwa. Nikamwona Direkteri na mkono wake getini. Nikamgeukia mama tena, polepole, na yeye kwa mara ya kwanza akajifunika uso na kitenge, na hapo, jamani, hapo nikaelewa yote kwa pamoja. Nilitoka kwenye jipu kwa mlango wa upande wa pili, nikaanguka, nikanyanyuka, nikakimbilia nyuma ya jiko, nikakaa chini karibu na masufuria na kulia. Nililia kweli. Nilijua ndiyo basi. Nimekula naye, nimelala kwake, nimemsengenya mbele ya uso wake mwenyewe, na yote ni kwa sababu sikutaka kujibu maswali matano ya mwanamke mwenye daftari.

Kutoka pale jikoni nilisikia kila kitu. Msemaji wao alisimama akasema kwa huzuni kwamba jambo kama hili kwao halijawahi kuonekana, kwamba hawana chuki na sisi, lakini aibu kama hii haikaliwi juu yake na kunywa soda, ni afadhali turudi nyumbani na mbuzi wetu, wazee wakutane, labda mwakani. Papa Cito akajibu. Alisema vizuri, maskini, alitaja matope, alitaja lori, alitaja na batizimu yake, lakini niliisikia sauti yake inatetemeka. Nikasikia Neema analia ndani ya nyumba, na huo mlio ndio ulionikata kuliko yote.

Ndipo mlango ukafunguka, akatoka mdogo wake Maman Riziki (yeye humwita dada yake Yaya), maana mama mwenyewe hawezi kusema mbele ya upande wetu. Akasimama kizingitini, anasikiliza maneno kutoka ndani na kuyarudia kwa sauti, moja baada ya lingine.

"Yaya anasema hivi. Kosa iko mbili, haiko moja. Mutoto hakujua. Mi nilijua."

Watu wakaguna.

"Anasema: nilijua toka pale alisema rafiki yake amepanga safari ye mwenyewe. Neema alisha kuniambia juu ya ile kiburi. Ningefunika uso. Ningeomba shofa anishushe. Sikushuka."

"Juu ya nini?" Direkteri akauliza, na sauti yake haikuwa ya getini tena.

Yule mdogo akageuza sikio ndani, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Anasema: bakwe banaletwaka hapa na kostimu. Banasemewaka na bazee babo. Mi nabaki nyuma ya mulango, siyue mutu mwenye anabeba mutoto wangu. Niko na bakwe batatu, siyue ata sauti yabo. Uyu nimemusikia na masikio yangu. Najua kintu anaogopaka. Najua vile anakoroma. Na Neema ajue kama ile sombe yote ya usiku, haiko shangazi. Njo ye anaitwangaka, na pazia ya kufunga."

Halafu nikasikia kicheko cha Neema, kile anachocheka huku bado analia, na shangazi Faida akisimama na kusema kwa uchungu wa kweli, "Mi nilijua ile aksanti ilikuwa mingi!" na hapo hema lote likaanguka kwa vicheko, wao na sisi, hata Direkteri alitoa leso.

"Anasema," mdogo wake akapaza sauti juu ya kelele, "mi nakubali. Mutoto aende. Na mbuzi ya kosa zitoke mbili, moja yao, moja yangu, na yangu ichinjwe ya kwanza."

Nilioshwa kwa ndoo tatu, nikavalishwa kostimu yangu, nikaletwa mbele. Sikufungua mdomo, kama desturi inavyotaka, na ndugu zangu, siku hiyo hakuna aliyehitaji niufungue. Neema aliponipita kunipa kinywaji aliinama na kuninong'oneza, "Leo mangaribi utanipikia nini?" Na tulirudi Bukavu kesho yake sote kumi na moja, Papa Cito akiwemo, kwa njia yenye karatasi na isiyo na karatasi, kwenye magari mawili ya Maman Zawadi yaliyokutana mahali aliposema na saa aliyosema.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu mwingine. Nikitaka kwenda hata Luvungi kununua mchele, napita kwanza Nyawera, nakaa kwenye kiti, najibu kila swali kwa ukweli na mikono magotini. Kazini bado natuma maharagwe na hayajawahi kulalamika, lakini watu siwapangii safari tena, mbele yenu naapa, hata maiti sitamsindikiza bila kuuliza wenye kazi yao. Lile jedwali la rangi tatu Neema amelitia kwenye fremu, liko sebuleni, wageni wote wanaonyeshwa.

Lakini kuna kitu kimoja sijawaambia, na huwa sikisemi ninapoisimulia hadithi hii ili watu wacheke. Baada ya mbuzi wale wawili kuliwa, desturi ilirudi mahali pake. Tukienda Luberizi mimi nakaa barazani, yeye anakaa ndani, na nikimsikia anakuja nageuka upande wa pili kama inavyopaswa, na yeye vilevile. Namsikia tu anacheka nyuma ya ukuta, kile kicheko cha kutikisa jipu, na natamani ningeingia nimwulize amecheka nini. Maana nimesafiri na watu wengi kwenye kazi yangu, mabosi, wazungu, mapadri, na sijawahi kupata mwenzangu wa safari kama yule mama. Na sitakaa naye tena maisha yangu yote, kwa sababu ni mama mkwe wangu.